Kwa Nini Umesimama Hapo?

Kijana alifika dukani kwangu saa moja na nusu asubuhi, sijamaliza hata kufagia. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha picha moja ya pasipoti iliyoanza kujikunja pembeni. Mama yake alikuwa amefariki usiku wa kuamkia siku ile. Maziko yalikuwa kesho yake, Muheza, na familia ilitaka picha kubwa ya kushikwa na mjukuu mbele ya jeneza. Nyumbani walipekua makabati na simu zote, wakapata ile moja tu.

Niliipokea kwa mikono miwili, nikampa pole, nikaisogeza mlangoni kwenye mwanga. Pazia la bluu. Upande wa kushoto, juu ya bega, mkunjo mmoja wa kitambaa ambao kwa miaka nilikuwa nasema nitaupiga pasi. Ilikuwa picha yangu.

Nikawasha kompyuta, nikatafuta mafaili ya mwaka juzi. Nilimkumbuka kidogo: mama wa makamo, gauni la kitenge, alikuja na wenzake watano wa kikundi cha kuweka na kukopa, walikuwa wanafungua akaunti benki. Sita kwa pamoja, na nje kuna foleni ya wanafunzi wa fomu za shule. Nilimkalisha, nikamwambia ashushe kidevu, nikamwambia asicheke, nikapiga. Moja. Yote yale hayakuchukua hata dakika. Benki wala haikuwa imesema watu wasicheke. Hayo ni masharti ya pasipoti ya kusafiria, mimi nilimwambia kila mtu kwa mazoea.

Kijana akaitazama ile picha imejaa kioo cha kompyuta. Macho ya mama yametoka kwa kuogopa flashi, midomo imebanwa, shingo imekazwa kama mtu anayesubiri sindano.

"Huna nyingine, dada?" akaniuliza. "Maana hii ni sura yake, lakini siyo yeye."

Sikuwa nayo. Nikaisafisha kadiri nilivyoweza, nikaichapa, nikaitia fremu, sikuchukua pesa yake. Alipoondoka nilikaa kwenye kile kigoda wanachokalia wateja, nikatazama pazia langu la bluu kwa upande wanaolionea wao. Wakati huo nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini kwenye kazi. Ukutani kulikuwa na cheti cha maonyesho kilichoniita msanii wa picha mnato.

Kazi hii nilifundishwa Ngamiani, hapa hapa Tanga, kwenye zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Mwaka ulikuwa 1997. Baba yangu alikwenda kumwomba mzee mmoja mwenye studio anipokee, na mzee akakubali ingawa watu walimshangaa kuchukua mtoto wa kike. Miezi sita ya kwanza sikugusa kamera. Nilifagia, nilichanganya dawa za kusafishia mikanda, nilikata picha za pasipoti kwa mkasi, na jioni niliingia naye chumba cha giza. Sijaona kitu kingine kinachofanana na kile: karatasi nyeupe inalala kwenye beseni la dawa chini ya taa nyekundu, unaitikisa taratibu, na baada ya sekunde kadhaa nyusi za mtu zinaanza kujitokeza, kisha macho, kisha mtu mzima anakutazama kutoka ndani ya maji.

Kamera ya Mzee ilikuwa Yashica Mat 124 G, ile yenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Huiweki jichoni. Unaishika usawa wa tumbo na kuchungulia kutoka juu, na unachokiona kimegeuzwa: mteja akienda kulia, kwenye kioo anakwenda kushoto. Mkanda wake ulitoa picha 12 tu. Mzee alipenda kusema kwamba kamera ile inakulazimisha kuinamisha kichwa mbele ya mtu kabla hujamchukua sura. Kwa kuwa mkanda ulikuwa ghali, kila mteja wa pasipoti alipigwa picha moja, sawasawa na nilivyokuja kufanya mimi baadaye. Tofauti ni kwamba kabla ya ile moja, Mzee alikuwa ameshakaa na mtu robo saa. Alimuuliza anakwenda wapi na hizo picha, kwao ni wapi, fulani wa kijijini kwao bado yuko hai? Mimi nilidhani anapoteza muda. Mteja akishasahau kwamba amekuja kupigwa picha, Mzee anainama, na kidole kinabonyea kimya kimya.

Nilipoanza kupiga mwenyewe, hakuniambia hata mara moja kwamba picha ni nzuri au mbaya. Alizipanga negativu zangu, vipande vya mkanda uliokwisha kusafishwa, juu ya kioo chenye balbu chini yake, akavaa miwani, akaweka ukucha kwenye mojawapo.

"Binti, kwa nini umesimama hapo?"

Nikijibu kwamba niliona pazuri, alinirudishia mkanda. Pazuri kwa nani, na kwa nini kuliko hatua moja pembeni? Siku moja nilikuwa na jibu. Mteja alikuwa na kovu shavu la kulia, kwa hiyo nilisimama upande wa kushoto. Nilisema hivyo nikiwa na uhakika kwamba leo nitasifiwa.

"Alikuomba ulifiche?"

"Hakuomba."

"Basi hilo kovu umelificha wewe."

Akaendelea na negativu nyingine. Yule mteja alikuwa fundi seremala, na nilikuja kusikia kwamba kovu lile alilipata akimwokoa mdogo wake moto ulipowaka nyumbani. Hapakuwa na mtu mtaani kwake asiyelijua na kuliheshimu.

Wanaoanza kazi hii huniuliza kama sanaa ni kipaji au ni ufundi. Mimi nilianza kwa kuukosa ufundi, kwa hiyo siwezi kuudharau. Harusi ya kwanza niliyotumwa peke yangu niliiharibu. Bwana harusi alivaa kanzu nyeupe, mashahidi kanzu nyeupe, ukuta nyuma yao chokaa nyeupe, na jua la saa kumi. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kama hii ni ndoa. Kinachukulia kwamba chochote kilichoko mbele yake ni kijivu cha wastani, kitu kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kilipoona weupe mwingi hivyo kikadhani kuna mwanga wa kupita kiasi, nami nikakifuata, nikabana tundu la lenzi. Kanzu zikatoka kijivu. Nyuso zikatoka makaa, huoni jicho wala tabasamu. Mama wa bwana harusi alifungua albamu, akaifunga, akaiweka mezani bila neno. Mzee alirudisha pesa yao yote.

Wiki iliyofuata alinifundisha kupima mwanga kwenye uso wa mtu, siyo kwenye nguo yake, na kufungua tundu la lenzi kwa hesabu. Nilichokuja kukijua baadaye kiliniuma zaidi. Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilisawazisha mitambo yao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizoitwa Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi. Kwa hiyo mpiga picha wa Tanga, Lamu au Kigoma aliyetaka mteja wake mweusi aonekane mwenye uhai alikuwa anafanya kazi kinyume cha vifaa vyenyewe, kwa kukadiria, kwa kujaribu, kwa kuharibu karatasi. Leo mambo yamegeuka namna nyingine: vijana wananijia wakitaka niwang'arishe ngozi kwenye kompyuta mpaka wafanane na binamu zao wa kufikirika. Nawakalisha kwanza mlangoni, nawapiga kwa mwanga wa ubavuni, nawaonyesha. Wengi wanaridhika na ngozi yao. Asiyeridhika namwambia kwa upole aende studio nyingine, na hilo limeshanigharimu wateja.

Mzee alifariki nami nikafungua duka langu. Zikaja kamera za dijitali, kisha simu, na studio za mtaani zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine. Nilichofanya ni kugawa maisha yangu sehemu mbili. Dukani nilikuwa mfanyakazi: pasipoti, fomu, lamineshi, fotokopi. Jioni na Jumapili nilikuwa msanii. Nilinunua kamera kubwa kwa mkopo, nikaenda ufukweni Raskazone kupiga jua likizama, mashua, watoto wakiruka majini, na hasa wazee. Uso wa mzee wenye mikunjo, ukiugeuza kuwa picha nyeusi na nyeupe na kukoleza vivuli, haukosi kusifiwa. Picha sita kati ya hizo ziliingia kwenye maonyesho, na ndipo nikapewa kile cheti.

Moja ilikuwa ya mvuvi pale Deep Sea, soko letu la samaki, ameshika wavu, macho yake kwenye maji. Watu walisimama mbele yake. Miezi kadhaa baadaye nilirudi pale kununua samaki, na yule mzee akanitambua.

"Wewe si ndiye uliyenipiga picha? Basi mimi nitaiona wapi?"

Sikuwa nimemletea nakala. Sikujua hata jina lake. Chini ya picha niliandika "Mvuvi". Nilimpelekea yake kesho yake, akaitazama kwa muda, akasema siku ile alikuwa anaangalia kama mwanawe ameshavuka, kwa sababu upepo ulikuwa umebadilika. Watu wote waliosimama mbele ya picha ile, nami nikiwa wa kwanza, tulidhani anawaza mambo mazito ya uzee na bahari. Kama Mzee wangu angekuwepo na kuweka ukucha wake pale, ningejibu nini? Nilisimama pale kwa sababu wavu ulikaa vizuri kwenye fremu.

Hayo yalitangulia kabla ya kijana wa Muheza, na ningepaswa kuwa nimeshaelewa. Sikuelewa. Nilirudi dukani nikaendelea na foleni yangu.

Baada ya kijana yule, ndipo nilipoanza kuzitazama upya kazi za Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali. Nilikuwa nimeziona zamani kwenye intaneti na kuzipenda kwa ile mitandio na vitambaa vyenye maua. Safari hii niliziangalia kama mwenye duka. Keïta alifungua studio yake 1948. Waliokwenda kwake walikuwa wateja, wamelipa, wanataka picha ya kumtumia shangazi au mchumba. Alitumia kamera kubwa, negativu ya sentimita 13 kwa 18, na kwa gharama ile kwa kawaida mtu alipigwa mara moja tu. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani lenye nyuzi za pindo. Kila baada ya miaka miwili mitatu alibadilisha kitambaa, na uzeeni aliweza kuitambua tarehe ya picha kwa kutazama kitambaa cha nyuma. Dukani aliweka saa, kalamu, redio, hata nguo za kuazima. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alichukuliwa kuwa mpiga picha wa serikali, studio ikafungwa. Mwaka 1991 picha zake zilitundikwa New York bila jina lake, mpiga picha hajulikani. Mwaka 1994 akafanyiwa maonyesho yake mwenyewe Paris, na alipofariki 2001 dunia nzima ilimwita msanii mkubwa.

Nikajiuliza alikuwa msanii tangu siku gani. Kama ni 1994, basi zile picha zilibadilikaje zikiwa sandukuni? Mimi naamini jibu liko kwenye mikono ya wateja wake. Zitazame. Hakuna mkono uliotupwa. Huu umelazwa juu ya goti ili pete ionekane, ule umewekwa begani kwa dada mtu, kidole kimeelekezwa kama mtu aliyezoea kuandika. Alikuwa akiwageuza kidogo, uso wa robo tatu, mpaka mtu akae kama anavyojijua mwenyewe anapokuwa amependeza. Shuka la nyuma lilikuwa moja kwa wote, kama pazia langu la bluu. Hakuhitaji kutoka dukani kwenda kutafuta sanaa ufukweni.

Kuna siku nilivuka kwenda Zanzibar nikaingia Capital Art Studio, Mji Mkongwe, studio iliyoanzishwa 1930 na Ranchhod Oza, na kuendelezwa na mwanawe. Kuta zimejaa watu: masultani, maharusi, watoto waliovalishwa Idi. Nilisimama hasa mbele ya wale wasio na vyeo. Studio ile iliweka neno sanaa kwenye jina lake tangu siku ya kwanza, huku ikila kwa picha za wateja wa kila siku, na hakuna aliyeona ajabu.

Picha ninayoweza kuitetea mbele ya Mzee bila kubabaika niliipiga mwaka mmoja baada ya msiba wa Muheza, na wasomaji hamtaiona. Ilikuwa shughuli ya wanawake peke yao, usiku wa kuamkia ndoa. Simu zote zilikusanywa kwenye kapu mlangoni, na mimi peke yangu niliruhusiwa kamera, kwa ahadi kwamba picha nitazikabidhi zote na kwangu sitabakiza hata moja. Bibi harusi alikuwa amekaa mkekani, amechorwa piko, ile rangi nyeusi ya maharusi, mikono yote mpaka karibu na viwiko, ameinyoosha mbele ikauke. Mama yake akaanza kumwambia jambo kwa sauti ya chini. Binti machozi yakamtoka. Na hakuweza kuyafuta, kwa sababu piko bado bichi, mikono iko hewani kama ya mtu mwingine.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya somo wake, chini mkekani. Nilizima flashi, kwa kuwa flashi ingewakumbusha kwamba nipo. Taa ilikuwa moja, ndefu, ukutani kulia, mwanga wa kijani usiopendeza. Niliuacha vile vile kwa sababu ndio uliokuwa usiku ule. Sikusogea mbele kumfuata machozi. Niliona mama anatafuta ncha ya kanga yake, nikajua mkono ule utapanda, nikasubiri. Ulipofika shavuni nikapiga mara moja. Kwenye picha ile uso wa binti umefunikwa nusu na mkono wa mama, na unachokiona zaidi ni ile mikono miwili iliyochorwa, imenyooka, haiwezi kufanya lolote, na wa tatu unaofanya.

Imetundikwa chumbani kwa yule mama. Faili nililifuta mbele yake kama tulivyokubaliana, na yeye ameniruhusu kuisimulia. Nimeshaulizwa na wenzangu kama haliniumi. Liliniuma kama wiki moja. Siku hizi nikipita mtaa ule najua ipo, na mama anaiona kila anapoamka.

Cheti nimekishusha. Pazia la bluu bado lipo, nimelipiga pasi, na kigoda nimekihamisha karibu na mlango ili mwanga wa nje umfikie mtu ubavuni kabla ya taa zangu. Kwa siku nahudumia watu wachache kuliko zamani na sikatai kwamba pesa imepungua. Foleni ikiwa ndefu, wapo wanaoondoka.

Juzi alikuja bibi mmoja na mjukuu wake, picha nne za kupeleka benki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nikae wapi?"

Nikamkalisha. Nikamuuliza kwao wapi, akasema Pangani, tukazungumza habari za kivuko na nazi zinavyopanda bei, na dada yake aliyebaki kule ambaye hapandi gari hata umwambie nini. Nikapiga ya benki, uso mbele, mabega sawa. Kisha nikasogea hatua moja kushoto, nikachuchumaa.

"Mbona tena? Si umeshapiga?"

"Ile ya benki, bibi. Hii yako."

Akanyamaza. Akamwita mjukuu amshikie mkoba, akafungua mtandio, akaufunga upya taratibu kwa namna nyingine, upande mmoja ukishuka begani, akaweka mikono juu ya mapaja, wa kulia juu ya wa kushoto.

"Haya," akasema.